Watumishi wa Vilima vya Kampala: Nani Alichoka, Nani Alidumu, na Kwa Nini

Wiki hii tunaandika juu ya jambo ambalo katika makanisa yetu huwa tunalinong'ona tu: watumishi wanachoka. Hatusemi uchovu ule wa kutembea kwa mguu kutoka Nsambya mpaka Old Kampala, ambao ukilala usiku unaisha. Tunasema ule ambao pasta anaamka Jumapili na hana neno. Kiongozi wa kwaya anazima simu wiki nzima. Mama aliyekuwa anaongoza maombi ya Ijumaa anasema siku hizi anaomba kwa mdomo tu, moyo uko mbali. Halafu siku moja tunasikia: ameacha. Kanisa la chini ya mabati linafungwa, viti vinauzwa, watu wanatawanyika.

Sisi wengine tunaobaki tunatoa majibu ya haraka. Imani yake ilikuwa ndogo. Hakufunga vya kutosha. Shetani amempiga. Na yule aliyechoka akisikia hivyo anajificha zaidi.

Sisi si madaktari, wala hatukusoma theolojia. Ni vijana wakimbizi tunaokaa Kampala, tunaimba, tunafundisha watoto, tunatafsiri mahubiri, na wengine wetu tumewekwa viongozi kabla hata ya kumaliza shule. Kwa hiyo tulijiuliza swali la historia: mji huu una zaidi ya miaka 140 ya watumishi wa Kikristo. Wengine walikufa mapema. Wengine walikauka. Wengine walitumika mpaka uzee. Tofauti ilikuwa wapi?

Jibu tulilopata tunalisema hapa mapema. Waliodumu wengi hawakuwa na nguvu kuliko wenzao. Walikuwa na watu waliojua hali yao ya kweli, na kazi yao ilibebwa na mabega mengi. Sasa tueleze tumefikaje hapo.

Jina la hali hii lilitoka wapi

Tuanze mbali kidogo, maana kuna kitu hapo kinatuhusu sana. Mwaka 1974, mwanasaikolojia wa New York aitwaye Herbert Freudenberger aliandika makala juu ya watu wa kliniki ya bure, wengi wao wakiwa wa kujitolea. Walikuja na moto mkubwa wa kusaidia. Baada ya miezi, moto ule ule ukawala wenyewe. Walibaki kama nyumba iliyoungua: ukuta umesimama, ndani majivu. Freudenberger hakuandika kama mtu wa pembeni, naye alikuwa akijitolea kule kule usiku baada ya kazi yake ya mchana.

Na huyu Freudenberger alikuwa nani? Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1926, katika familia ya Kiyahudi, akakimbia Wanazi akiwa bado mtoto. Yaani mtu aliyeupa uchovu huu jina alikuwa mkimbizi kama sisi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hii katika orodha yake mpya ya magonjwa na hali za kiafya. Halikuiita ugonjwa. Liliiweka kama hali inayotokana na msongo wa kazi usiotunzwa, na likataja dalili tatu: nguvu kuisha kabisa, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kujiona kwamba huwezi tena kufanya kitu kizuri. Angalia dalili ya pili. Pasta akianza kusema "hawa watu wananisumbua tu", huenda hajawa mtu mbaya. Huenda ameisha.

Nateete: mtu mmoja, kazi ishirini

Kila siku tunasikia makonda wa taksi wanaita "Nateete, Nateete". Pale Nateete ndipo wamishenari wa kwanza wa Kianglikana walipokaa, na mmoja wao alikuwa Alexander Mackay, injinia kutoka Scotland.

Chama cha Church Missionary Society kilituma kundi la watu wanane mwaka 1876. Kabla hawajaondoka Uingereza, Mackay aliwaonya wakubwa wake kwamba ndani ya miezi sita huenda wakasikia mmoja amekufa. Hakukosea sana. Daktari wa kundi, John Smith, alikufa kwa homa mwaka 1877, na mwisho wa mwaka huo huo wawili wengine, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe. Mackay alifika kwa Kabaka Muteesa Novemba 1878.

Alifanya nini? Uliza alichokosa kufanya. Alifua chuma, alijenga, alitengeneza mashine ya kuchapisha, alichonga herufi, alifundisha kusoma, alitafsiri, alijadiliana mbele ya Kabaka. Namasole, mama yake Muteesa, alipofariki mwaka 1882, ni Mackay aliyeitwa kutengeneza majeneza yake makubwa. Kisha yakaja mateso ya wakati wa Mwanga. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa kanisa lake, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, waliuawa Busega, karibu na pale pale Nateete. Oktoba mwaka huo Askofu James Hannington akauawa Busoga. Mwaka uliofuata wakaja mashahidi wa Namugongo ambao tunawakumbuka kila Juni 3.

Fikiria unawafundisha watoto kusoma, halafu unawazika, halafu kesho yake unafungua tena mlango wa darasa. Wengi wetu tunajua hali hiyo bila kuambiwa.

Mwaka 1887 Mackay alilazimika kuondoka Buganda, akahamia Usambiro, kusini ya ziwa, upande ambao leo ni Tanzania. Mwaka 1889 msafara wa Henry Morton Stanley ulipita kwake ukielekea Pwani. Wageni walipumzika kwake, wakaendelea. Yeye akabaki. Chama chake kilitaka arudi nyumbani apumzike, naye akajibu kwamba walete watu kwanza. Tarehe 8 Februari 1890 alikufa kwa malaria, akiwa na miaka 40. Tangu aondoke 1876 hakuwahi kurudi kwao hata mara moja.

Hatumlaumu. Kanisa la Uganda lina deni kwake, na malaria haikuuliza mtu amepumzika au la. Lakini tujiulize kama vijana: kwa nini tunapenda sana kusimulia habari za mtumishi aliyekataa kupumzika, na tunasahau kuuliza kwa nini alikuwa karibu peke yake? Lile jibu lake la kutaka watu lilikuwa kilio cha kuomba wenzake. Kilio kile tumekigeuza kuwa sifa.

Boga: aliyefundisha wengine kubeba

Ndugu zetu wa Ituri watatushangaa kama hatumtaji Apolo Kivebulaya. Huyu alikuwa Muganda, akaenda kuhubiri Toro, na mwaka 1896 akavuka mpaka Boga, ndani ya Congo ya leo. Njia yake ilikuwa kinyume cha njia yetu: sisi tumetoka kule kuja huku, yeye alitoka huku kwenda kule.

Mambo hayakuwa mepesi. Alipigwa, alisingiziwa, alifungwa mwaka 1898. Kuna wakati alikata tamaa kabisa, na mwenyewe alisimulia jinsi Kristo alivyomtia moyo akiwa katika hali ile. Alirudi Boga, akatumika mpaka alipofariki tarehe 30 Mei 1933. Ni zaidi ya miaka 30 ya huduma katika mazingira magumu.

Apolo hakubaki kuwa mwalimu peke yake. Aliwafundisha watu wa pale pale wawe walimu, kisha akawatuma, hata kwa Wambuti wa msituni. Alilima, alilea watoto wasio wake, aliishi na watu. Alipokufa kazi haikufa naye, na Boga baadaye ikawa makao ya dayosisi ya kwanza ya Kianglikana nchini Congo. Kiongozi anayefundisha mwingine kazi yake anajipa nafasi ya kuugua, kulala, na hata kufa, bila kila kitu kuanguka.

Namirembe 1929: siku mbili za watu wawili

Sasa tufike kwenye kilima chenyewe. Ukiwa katikati ya mji ukiinua macho utaliona kanisa la Namirembe na kuba yake. Mwezi Septemba 1929 alifika hapo daktari kijana Mwingereza, Joe Church, akitokea hospitali ya Gahini, mashariki ya Rwanda.

Alikuwa ameisha. Rwanda ilikuwa imepigwa na njaa kubwa ya 1928 na 1929, ile ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura. Watu walikuwa wanakufa njiani, wengine wakivuka kuja Uganda kutafuta chakula. Hospitali ilikuwa changa, wagonjwa wengi, wafanyakazi wachache na wenyewe wamekata tamaa. Daktari aliyekwenda kuwatia wengine nguvu alikuwa hana nguvu tena. Akaja Kampala kupumzika.

Pale Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Muganda aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya afya ya serikali. Nsibambi alikuwa amesimama kando ya pikipiki yake. Naye alikuwa na njaa ya moyo, anaona kanisa lina watu wengi na uhai kidogo. Wawili hawa wakakaa pamoja siku mbili, wakasoma Biblia na kuomba, kila mmoja akimwambia mwenzake ukweli juu ya hali yake.

Tukumbuke ulikuwa wakati gani. Ukoloni ulikuwa juu. Mzungu alikuwa bwana, Mwafrika alikuwa boi au mwanafunzi. Mmishenari kumwambia Mwafrika "mimi nimekauka, nisaidie" lilikuwa jambo la ajabu kuliko tunavyoweza kufikiri leo. Heshima ya cheo chake ilimwambia anyamaze. Aliponyamazisha cheo, akapata ndugu.

Kutokana na urafiki ule, na wa wengine waliokuwa na njaa hiyo hiyo, ulikua uamsho tunaouita leo wa Balokole, yaani waliookoka. Nsibambi aliacha kazi ya serikali akawa mhubiri. Ndugu yake, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha. Yosiya Kinuka, mfanyakazi wa hospitali ya Gahini, alikuja Kampala kumwona Nsibambi, akarudi mtu mwingine. Mwaka 1935 ulifanyika mkutano mkubwa Kabale. Mwaka 1937 timu ilikwenda Kabete, Kenya. Baadaye moto ukafika Tanganyika, Burundi na Congo. Wazee wengi waliotuleta kanisani, hata wale wa makanisa mapya ya Kipentekoste, wana mzizi fulani pale.

Balokole walijenga nini hasa

Watu wengi wakisikia uamsho wanafikiri kelele na mikesha. Kelele zilikuwepo. Wanafunzi wa Mukono, William Nagenda na wenzake, walifukuzwa chuoni mwaka 1941, na moja ya malalamiko dhidi yao ilikuwa kuamka alfajiri sana kuomba na kuhubiri. Lakini kelele peke yake haiwezi kubeba watu miaka 90. Kilichobeba ni mambo matatu ya kawaida kabisa.

Kwanza, ushirika wa kila wiki. Watu wachache wanakaa pamoja, wanasoma, wanasema hali zao. Waliita kutembea nuruni. Ukiwa na hasira unasema. Ukiwa umedanganya unasema. Ukiwa umechoka, unasema. Askofu na mpishi wanakaa benchi moja, na wote wanaitana ndugu.

Pili, timu. Hawakupenda kumtuma mtu mmoja mwenye jina kubwa. Walikwenda watatu, wanne, wengi, Waafrika na Wazungu pamoja, na kabla ya kuhubiri walipatana wao kwa wao. Mmoja akinyamaza, mwingine anasimama.

Tatu, kazi haikuwa mali ya mtu. Januari 1936 Blasio Kigozi alikuja Kampala akiwa na ujumbe kwa sinodi ya kanisa, akaugua homa ya kupe, akafa kabla ya kuusema. Alikuwa kijana bado. Kwa hesabu ya kawaida uamsho ulipaswa kufa pale. Lakini ujumbe wake ulikuwa umeshaingia ndani ya wengine, na neno lake la Kiganda, Zukuka, yaani Amka, likawa mwito wa mwaka ule. Na Nsibambi mwenyewe, ugonjwa ulipomweka nyumbani kwa miaka mingi, hakuonekana ameacha huduma. Watu walimfuata kwake, wakakaa naye, wakaondoka wametiwa moyo. Alifariki mwaka 1978, karibu miaka 50 baada ya siku zile mbili.

Tafadhali tulione hili. Kwetu sisi mtumishi akiugua mwezi mmoja, kanisa linaanza kutafuta pasta mwingine mwenye moto zaidi.

Na upande wa giza tuuseme

Tusifanye kana kwamba wazee hawa walikuwa malaika. Ushirika ule ule uliowainua watu uliweza pia kuwabana. Kukiri kwa hiari kuligeuka sehemu nyingine kuwa kukaguliwa: umevaa nini, una deni la nani, mbona hukutoa ushuhuda wiki hii. Baadaye kundi la Bazukufu, walioamka tena, lilivutana na Balokole wengine juu ya ukali wa mambo kama hayo, na ndugu waliokula pamoja wakaacha kusalimiana kama zamani.

Kwa hiyo kusema tu "tuwe na kikundi" haitoshi. Kikundi kinachokulazimisha kusema kinachosha kuliko upweke. Na siri ya mtumishi ikitoka ndani ya kikundi mpaka kwenye WhatsApp ya kanisa, hatasema tena, wala yule aliyekuwa anataka kusema baada yake. Kampala ya wakimbizi ni ndogo. Jambo la Katwe asubuhi, mchana liko Kabalagala, jioni limefika Nakivale.

1977: askofu anapokuwa mkimbizi

Ukishuka mjini unapita Luwum Street, kati ya maduka na mizigo. Jina hilo ni la Janani Luwum, mwalimu kutoka Mucwini, Acholi, aliyeokoka katika uamsho huu Januari 1948, akawa Askofu Mkuu mwaka 1974. Tarehe 16 Februari 1977, wakati wa Idi Amin, aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali haikuutoa mwili wake kwa ibada ya Kampala. Watu wakakusanyika Namirembe kando ya kaburi tupu, na wakaimba.

Rafiki yake, Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, aliambiwa kwamba yeye ndiye anayefuata. Akatoroka na mke wake Mera, wakapanda milima usiku kwa mguu mpaka Rwanda. Wengi wenu mnaosoma hapa mnaijua njia ya namna hiyo, ingawa ninyi mlikuja upande huu.

Kivengere alisimulia kilichompata uhamishoni. Alikuwa salama, anaalikwa kuhubiri nchi kubwa, lakini ndani chuki juu ya Amin ilikuwa inamla. Alihubiri upendo huku moyo unakuwa mgumu. Siku ya Ijumaa Kuu mwaka 1977, katika ibada pale London, alisikia habari ya Yesu kuwaombea msamaha waliomsulubisha, akaona kwamba naye hana njia nyingine. Akaandika kitabu chenye jina lililowakwaza wengi, *I Love Idi Amin*, yaani ninampenda Idi Amin. Hakusema Amin hana hatia. Aliendelea kupinga mauaji na kueleza dunia kinachotokea Uganda, akasaidia wakimbizi wenzake wa Uganda kupata elimu na mafunzo. Amin alipoanguka mwaka 1979 alirudi nyumbani, akatumika mpaka alipofariki mwaka 1988.

Hapa kuna funzo ambalo vitabu vya uongozi vya nchi tajiri mara nyingi havitaji, kwa sababu vinaandikiwa watu waliochoka na kazi nyingi tu. Mtumishi mkimbizi anachoka pia na kile alichobeba kabla ya kufika. Tunahubiri amani tukiwa bado tunawaona usoni waliochoma nyumba zetu. Hilo linakula nguvu mchana na usiku. Kusamehe hakuji kwa kuamriwa, wala si kwa siku moja, na haki bado inadaiwa. Lakini lazima kuwe na mahali ambapo mtumishi anaruhusiwa kusema, "Mimi bado nina chuki."

Sisi sasa

Leo Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na zaidi ya 100,000 kati yao wameandikishwa hapa Kampala. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea, tunashukuru. Ila chakula cha msaada kinagawiwa kwenye makambi. Ukichagua mji, umechagua kujitegemea: kodi ya muzigo, maji, shule, dawa.

Kwa hiyo pasta wetu ni nani? Saa 12 asubuhi yuko njiani kuuza vitenge au kusukuma mkokoteni, kwa sababu kanisa halimlipi. Mchana anapigiwa simu: mama fulani kafukuzwa nyumbani. Jioni anasindikiza mtu ofisini au hospitali kutafsiri. Usiku wa manane simu tena: mtoto ana degedege. Ijumaa mkesha. Jumapili ibada tatu. Mama Pasta anabeba hayo yote na jiko juu yake, na jina lake haliko hata kwenye bango la kanisa.

Ndugu zetu wa mashirika, hapa tunasema nanyi kwa heshima. Mnapotaka kufikisha habari kwa jamii, mnampigia pasta. Mnapotaka watu 40 wa semina kesho, mnampigia pasta. Mnapokutana na mtu aliyebakwa au anayetaka kujiua na ofisi imefungwa, mnamwambia aende kwa pasta. Yeye hana mshahara, hana nauli, hana wa kumsikiliza. Mfanyakazi wenu ana likizo na ana msimamizi. Kiongozi wa jamii ana simu isiyozimika tu. Mkimhesabu kama sehemu ya kazi yenu, basi nauli yake, muda wa simu na mapumziko yake viwe ndani ya bajeti, na asiwe yeye yule yule kila mara.

Na sisi wenyewe, kutokana na historia hii, tunapendekeza mambo manne kwa vikundi vya vijana na makanisa yetu.

1. Kila kiongozi awe na watu wawili wanaojua ukweli wake. Wawili wanatosha, kama ilivyokuwa kwa Church: alihitaji Nsibambi mmoja. Ni vizuri mmoja atoke nje ya kanisa lake, na kisichosemwa kwa ruhusa kisitoke.

2. Hakuna huduma ya mtu mmoja. Kwaya, maombi, wagonjwa, watoto: kila kazi iwe na watu watatu wanaoweza kuiongoza. Anayeongoza leo amfundishe wa kesho, kama Apolo alivyofanya Boga.

3. Siku moja kwa wiki simu ya kiongozi ishikwe na mwingine. Kama kuna jambo la kufa na kupona, huyo mwingine atajua la kufanya. Yale mengine yatasubiri mpaka kesho, na mara nyingi yanasubiri vizuri kabisa.

4. Tujue mpaka wetu. Mtu asiyelala wiki nyingi, anayesikia sauti, anayesema anataka kufa, anahitaji maombi na anahitaji daktari. Butabika ni hospitali ya serikali ya magonjwa ya akili, na kumpeleka mtu huko si kumtupa. Hata mtumishi mwenyewe akifika hapo, apelekwe bila aibu.

Wanaosema kupumzika ni kukosa imani, tunawakumbusha Eliya. Baada ya ushindi wake mkubwa alikaa chini ya mti akaomba afe. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji, mara mbili. Mazungumzo yalikuja baadaye, na mwisho akapewa Elisha wa kutembea naye.

Mackay alikuwa jasiri, na sisi hatutaacha kumheshimu. Lakini tukiulizwa tunataka viongozi wetu waishe namna gani, jibu letu ni kwamba hatutaki waishe. Tunataka kumwona pasta wetu akizeeka. Tunataka siku moja, hapa Kampala au Bukavu au Bunia au popote Mungu atakapotupeleka, awe mzee ameketi nyumbani kama Nsibambi, na vijana wanakuja kumuuliza maswali.

Kwa hiyo wiki hii tuna ombi moja kwa kila anayesoma. Usimtumie kiongozi wako ujumbe wa kumwomba kitu. Mpigie mchana, muulize amelala saa ngapi na amekula nini. Halafu nyamaza, msikilize mpaka mwisho.